Mbiu Isiyokoma: Kupunguza Msongo wa Simu na Mitandao Katika Utumishi Wetu

Hii ni mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao kazi cha watendaji wa kata na vijiji, waganga wafawidhi, walimu wakuu, na wakuu wa divisheni na vitengo. Tunaichapisha kwa ombi la washiriki, na kwa kuwa sehemu yake ya mwisho inawahusu wananchi wote.



 Namshukuru Mkurugenzi kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo halimo katika taarifa zetu za robo mwaka, ingawa limo mifukoni mwetu sote. Tangu tulipoketi asubuhi hii nimekuwa nikihesabu simu zilizolia au kutetemeka humu ukumbini. Zimefika 11. Sisemi hivyo kumlaumu mtu, maana mojawapo ilikuwa yangu.

Usiku wa kalavati

Naomba nianze kwa kuungama. Masika iliyopita, saa 3 usiku ikiwa imepita kidogo, mtendaji wa kijiji kimoja cha wilaya yetu aliandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba mvua imesomba kalavati katika barabara iendayo zahanati. Aliandika maneno machache na kuambatisha picha yenye giza. Wakati huohuo kundi lilikuwa likimpongeza mwenzetu aliyefunga ndoa siku ile. Pongezi zilikuwa za haki kabisa, nami nilikwisha kutuma yangu. Ujumbe wa kalavati uliingia katikati ya maua na makofi, na baada ya dakika kumi ulikuwa umefunikwa na jumbe zaidi ya hamsini.

Mimi niliuona, na hilo ndilo ninaloungama. Niliusoma nikiwa kitandani, macho yakiuma, kidole kikiendelea kupandisha kioo. Nilijisemea moyoni kwamba wahusika wa barabara wameuona, kwa kuwa wamo kundini. Kumbe mmoja wao alikuwa amelala mapema baada ya safari ndefu, mwingine alidhani mimi nitatoa tangazo, na mimi nilidhani wao wataniagiza nitangaze. Tulikuwa wengi tulioona, na hakuna aliyetenda.

Alfajiri, mama mmoja mjamzito alishikwa na uchungu. Familia yake ilipiga namba 115 ya mfumo wa m-mama, kituo cha uratibu kikampata dereva wa karibu, na dereva akaondoka bila kuchelewa. Alipofika penye kalavati alikuta shimo na maji yanayopita kwa kasi. Ilimbidi arudi na kuzunguka kwa njia ndefu. Mtoto alizaliwa katika nyumba ya jirani, kwa msaada wa muuguzi aliyevuka kwa miguu mahali ambapo maji yalimfika magotini. Mama na mtoto wako salama, na ndiyo sababu naweza kusimulia habari hii mbele yenu leo. Lakini kwa majuma mengi baada ya siku ile nilikuwa nikiamka usiku wa manane na kuishika simu, nikitafuta ujumbe ambao huenda nimeupita tena.

Naomba tuzingatie jambo moja katika kisa hiki. Mfumo wa 115 ulifanya kazi. Simu moja ilipigwa, mtu mmoja wa zamu akaipokea, dereva mmoja akatumwa. Kilichoshindwa ni kundi letu, lenye watu wengi na lenye kupokea jumbe usiku na mchana.

Mbiu ya mgambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ilipopulizwa kijijini, mkulima aliweka jembe chini na mpishi akaepua chungu, kila mmoja akaenda kusikiliza. Nguvu ya mbiu haikutokana na ukubwa wa sauti yake. Ilitokana na uadimu wake. Siku nyingi ilikaa kimya, na ukimya huo ndio uliowapa watu usingizi, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kama kuna jambo, mbiu italia.

Leo kila mmoja wetu anatembea na mbiu mfukoni, nayo hulia tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Hulia kwa sababu ya moto, hulia kwa sababu ya utani, hulia kwa sababu mtu katuma picha ya chai ya asubuhi. Mlio ni uleule. Hivyo sikio linapata taabu mbili kwa pamoja. Haliwezi kupumzika, kwa kuwa huenda safari hii kuna jambo. Na haliwezi kuitika, kwa kuwa mara nyingi hakuna jambo. Msongo ninaouzungumzia leo umekaa katikati ya taabu hizo mbili.

Baada ya tukio lile nilichukua daftari nikafuatilia simu yangu kwa siku moja ya kazi, siku ya kawaida isiyo na mkutano wala msiba. Nimo katika makundi 27. Siku hiyo ziliingia jumbe 386. Zilizonitaka nifanye kitu zilikuwa 14. Ya dharura ilikuwa moja. Hesabu hiyo ni ya simu yangu peke yangu, wala siiti utafiti. Nawaomba kila mmoja aihesabu yake, walau kwa siku moja, kisha ajiulize ni mara ngapi moyo wake ulishtuka bila sababu.

Yanayotokea mwilini na akilini

Mwili wa binadamu umeumbwa kushtuka. Ukikutana na nyoka njiani, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na homoni kama adrenalini na kotisoli huingia katika damu ili upate nguvu ya kukimbia au kujitetea. Hatari ikipita, mwili hutulia. Tatizo huja pale mishtuko midogo inapofuatana kutwa nzima na mwili usipate nafasi ya kutulia. Hapo ndipo mtu huanza kuona dalili ambazo wengi wetu tunazijua: kichwa kuuma ifikapo jioni, mabega kukaza, usingizi wa kukatika, kusahau, na hasira za ghafla kwa watu wasio na kosa.

Wengine hufika hatua ya kuhisi simu ikitetemeka mfukoni, wakiitoa wanakuta kimya. Msidhani mnarogwa. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wahudumu wa afya wa hospitali moja nchini Marekani. Asilimia 68 ya waliojibu walisema wamewahi kuhisi mtetemo ambao haukuwepo. Walikuwa watu wa kazi ya kuitwa wakati wowote, kama tulivyo sisi. Mwili uliozoea kungoja wito hufika mahali ukajitungia wito wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: kama simu inatuchosha, mbona hatuiachi? Jibu moja linatoka kwa njiwa. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha mwaka 1957 matokeo ya majaribio mengi waliyofanya kwa njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa aliyepewa punje kila alipodonoa aliacha upesi punje zilipokoma. Njiwa aliyepewa punje mara moja moja, bila kujua ni lini, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu. Simu nayo hutoa punje namna hiyo. Mara tisa unaifungua hukuti kitu, mara ya kumi unakuta habari njema, na hiyo ya kumi ndiyo inayokurudisha tena.

Pia tukumbuke kwamba programu hizi zimesanifiwa na watu, na kwa makusudi. Ukurasa unaoendelea kushuka bila kufika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, naye baadaye alieleza hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na taarifa ya habari redioni ina dakika yake ya kufunga. Ukurasa usio na mwisho unakuachia wewe peke yako kazi ya kusema basi, tena saa 5 usiku, wakati ambapo nguvu ya kusema basi imekwisha.

Kwa upande wa kazi, Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, limeeleza uchovu wa kazi uliokithiri kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Shirika hilo halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na kazi, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kupungua kwa ufanisi. Ninalitaja hili kwa sababu tumezoea kumwambia mwenzetu aliyelemewa kwamba ajitahidi kuwa na nidhamu ya simu. Nidhamu ni njema, lakini mtu mmoja hawezi kuzima mbiu inayopulizwa na watu sitini. Tulioianzisha pamoja hatuna budi kuituliza pamoja.

Maoni ya usiku

Kuna msongo wa aina nyingine ambao hunipata mimi na wenzangu tunaosimamia kurasa za taasisi. Kazi yangu hunilazimu kusoma maoni ya wananchi. Wengi huuliza kwa adabu na wengine hushukuru. Wapo pia wanaotukana. Nimejifunza kwamba tusi moja lililosomwa saa 4 usiku hukaa kichwani kuliko shukrani ishirini zilizosomwa mchana. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiyasoma kitandani na kuyajibu palepale, na mara mbili nilijibu kwa namna ambayo asubuhi yake nililazimika kuomba radhi.

Siku hizi nimejiwekea nyakati mbili za kusoma maoni, saa 3 asubuhi na saa 8 mchana, nikiwa nimekaa mezani. Tangu nianze hivyo nimegundua jambo ambalo usiku sikuweza kuliona. Nikifuatilia, mara nyingi ninakuta kwamba aliyeandika kwa ukali alikwisha kuuliza kwa upole wiki mbili kabla, juu ya bomba lililokatika au kibali kilichochelewa, na hakujibiwa. Swali lake lilifunikwa kama ulivyofunikwa ujumbe wa kalavati. Kelele zinatuumiza sisi, na zinamuumiza pia mwananchi anayetungoja upande wa pili.

Si sisi wa kwanza

Jambo hili limekwisha kushughulikiwa na wengine. Nchini Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, sheria inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana na wafanyakazi wao juu ya haki ya kutosumbuliwa kwa simu na barua pepe nje ya saa za kazi. Kwa jirani zetu Kenya, muswada wenye lengo kama hilo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliandikwa kabla simu janja hazijaenea, lakini inatambua mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na mapumziko ya saa 24 kwa wiki. Sheria hiyo ina masharti na vighairi vyake, na baadhi yetu tulio wasimamizi hatuwezi kuidai kama ilivyo. Hata hivyo, fikra iliyomo ndani yake inatutosha kuanzia: anayefanya kazi hana budi kupumzika, na mapumziko ni sehemu ya mpango wa kazi.

Najua hoja itakayotolewa. Sisi ni watumishi wa umma. Moto hauchagui saa, wala uchungu wa uzazi, wala mafuriko. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu sipendekezi mtu yeyote azime simu na kupotea. Ninachopendekeza ni kuirudishia mbiu kazi yake, ili ikilia watu waamke, na isipolia watu walale.

Mapatano manne

Ndugu Mkurugenzi, kwa ridhaa yako naomba kikao hiki kijadili mapatano manne. Hayahitaji bajeti.

La kwanza, dharura ipigiwe simu. Daraja limebomoka, mtoto amepotea, kuna kuhara na kutapika kwa watu kadhaa katika mtaa mmoja: mambo haya yasitumwe kundini na kuachwa huko. Piga simu kwa mhusika mmoja. Asipopokea, piga tena, kisha piga kwa anayefuata katika orodha. Kundi litajulishwa baadaye. Angalieni namba fupi za taifa: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na uokoaji, 115 ya m-mama. Zote hujibiwa na mtu aliye zamu. Nasi tuwe na orodha ya zamu katika kila kata, yenye jina la anayepokea usiku wa leo na jina la atakayepokea kesho. Asiye zamu alale.

La pili, kila habari iwe na njia yake. Maelekezo ya kazi yakae katika kundi moja ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. WhatsApp inaruhusu mpangilio huo katika sehemu ya ruhusa za kundi. Harusi, misiba, salamu na mzaha viwe na kundi lao. Hapa nieleweke vizuri. Sisemi tuache kufarijiana. Mwenzetu akifiwa, rambirambi zetu ni haki yake, na zinamfaa zaidi zikiwa mahali ambapo hazitachanganyika na takwimu za madarasa. Vilevile tuache desturi ya watu sitini kuandika "Nimepokea" chini ya tangazo moja. Msimamizi anaweza kuona walioisoma kwa kubonyeza ujumbe wake na kufungua taarifa zake.

La tatu, ujumbe ujieleze katika mstari wa kwanza: unamhusu nani, atende nini, na lini. "Walimu wakuu wa kata za kusini, leteni idadi ya madawati mabovu, mwisho Ijumaa saa 6 mchana." Aliyetajwa atasoma, asiyetajwa atapita kwa amani. Ujumbe unaoanza kwa "Ndugu zangu" na kufikia jambo lenyewe katika mstari wa tisa unawalazimisha watu wote kuusoma wote. Na ujumbe wa sauti wa dakika sita hauwezi kupitiwa kwa jicho hata kidogo. Tuutumie pale tu ambapo maandishi hayatoshi.

La nne, na hili nalisema kwa heshima kubwa kwa viongozi wangu: ukimya wa usiku usihesabiwe kuwa ni dharau. Wazo likikujia saa 4 usiku, liandike. Lakini ama lihifadhi hadi asubuhi, ama anza kwa maneno "Si ya leo, tujibizane kesho kazini." Maneno hayo machache yanaweza kumrudishia mtumishi wa chini usingizi wake. Mtendaji wa kijiji anayekesha na simu ili aonekane mwaminifu hatakuwa na macho ya kuona kalavati kesho yake. Tupimane kwa kazi iliyokamilika, tuache kupimana kwa kasi ya kujibu.

Yaliyo mikononi mwa kila mmoja

Wakati tukiyajadili hayo, yapo ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya leo akifika nyumbani.

Simu nyingi zina mpangilio uitwao "Usinisumbue." Wengi wanauogopa wakidhani utazuia hata habari ya msiba. Hauna lazima ya kuzuia. Unaweza kuuweka uanze wenyewe saa 3 usiku na kukoma saa 11 alfajiri, na ukaruhusu simu za watu uliowateua: mzazi, mwenzi, mganga mfawidhi, mkuu wako wa kazi. Unaweza pia kuruhusu mtu anayepiga mara ya pili ndani ya muda mfupi simu yake iite. Hapo una mbiu ya kweli: inakaa kimya kwa mzaha na inalia kwa jambo.

Katika WhatsApp, kundi lolote linaweza kunyamazishwa kwa saa 8, kwa wiki moja au daima, bila ya wewe kujitoa na bila wenzako kuarifiwa. Anzeni na makundi ambayo hamjawahi kuletewa humo jambo la haraka.

Nunueni saa ya mezani yenye kengele. Wengi wetu tunalala na simu chini ya mto kwa sababu ndiyo inayotuamsha. Mwanga wa kioo huchelewesha usingizi, na habari zilizomo huuchelewesha zaidi. Simu ikichajiwa sebuleni, anayekupigia kwa dharura utamsikia, lakini hutaishika kila ugeukapo kitandani.

Chagueni nyakati za kuperuzi mitandao, kama tulivyokuwa tukingoja saa ya taarifa ya habari. Asubuhi, kabla ya kufungua simu, omba, oga, kunywa chai, msalimie mtu aliye hai mbele yako.

Na ukiona usingizi umekukimbia kwa majuma, hamu ya chakula imekwisha, au umeanza kuona kwamba maisha hayana maana, hilo limepita mipaka ya ushauri wangu. Nenda kituo cha afya uzungumze na mtaalamu, au mwambie mtu unayemwamini akusindikize. Msongo na sonona hutibika, na kuomba msaada hakumvunjii mtumishi heshima.

Nyumbani

Nina binti wa miaka sita. Baada ya masika yale nilimkuta uani akicheza na mdoli wake. Alikuwa ameshika kipande cha sabuni sikioni, na mkono wa pili ameunyoosha kumzuia mdoli. Alikuwa akimwambia, "Subiri kwanza. Subiri kwanza. Nikimaliza hii." Hakujua kwamba ninamtazama. Maneno yalikuwa yangu, na hata sauti ilikuwa yangu.

Sikumwambia kitu. Jioni ile niliiweka simu juu ya kabati tulipokaa kula. Alinitazama akauliza kama simu imeharibika. Nikamwambia imelala. Tangu hapo, muda wa chakula ukifika, yeye ndiye anayenikumbusha kuilaza.

Kwa wananchi wetu

Nimalizie kwa kuwageukia wananchi, maana mada hii itachapishwa katika jarida letu. Tukikubaliana na mapatano haya, mtaona mabadiliko, nami sipendi myaelewe vibaya. Huenda afisa akachelewa kujibu ujumbe wako wa saa 4 usiku. Hajakudharau. Swali lako litasomwa saa za kazi, kati ya saa 1:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri, na mtu aliyeamka akiwa na akili timamu. Ukiwa na dharura, usiandike kwenye ukurasa wetu wala kundini ukangoja. Piga simu kwa mtumishi wa zamu wa kata yako, au piga namba za taifa nilizozitaja. Majina ya zamu yatabandikwa katika mbao za matangazo za kata na vijiji mara tu kikao hiki kitakapoafiki.

Nasi kwa upande wetu tunayo deni. Mwananchi aliyeuliza kwa upole anastahili kujibiwa kabla hajalazimika kupaza sauti. Ninaahidi, kwa niaba ya kitengo changu, kwamba kila swali litakaloingia katika ukurasa wa Halmashauri litaandikwa katika daftari, likiwa na tarehe na jina la aliyepewa kulijibu. Daftari hilo litakuwa mezani kwangu, na yeyote anaweza kuja kuuliza swali lake limefikia wapi.

Kalavati lile limejengwa upya, pana kuliko la kwanza. Wiki iliyopita nilipita pale nikashuka garini. Nilimkuta mama mmoja akivuka na mtoto mgongoni, nasi tukasalimiana. Sikumuuliza kama ndiye. Nilisimama kidogo nikiyatazama maji chini, na simu yangu ilikuwa garini.